Nani Amdaiye Tajiri? Hukumu ya Ukwasi katika Historia ya Kanyakine na Imenti Kusini

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umemzoea tajiri mwovu. Tangu kutangazwa kwa Azimio la Arusha mwaka 1967, mkwasi katika riwaya na tamthilia amesomwa aghalabu kama kiwakilishi cha tabaka lake: Bwana Maksuudi katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), au wezi na wanyang'anyi wanaoshindana kujigamba katika Shetani Msalabani, tafsiri iliyotolewa mwaka 1982 ya riwaya ambayo Ngũgĩ wa Thiong'o aliiandika kwa Kigikuyu. Usomaji wa aina hiyo umezaa kazi nyingi nzuri. Umezaa pia dhana mbili ambazo hazijachunguzwa vya kutosha. Ya kwanza ni kwamba hukumu ya kimaadili dhidi ya utajiri uliokithiri ililetwa Afrika Mashariki na nadharia za kisiasa za karne ya ishirini. Ya pili, ambayo ni pacha wa ile ya kwanza, ni kwamba kabla ya hapo jamii za bara ziliishi katika usawa usiohitaji hukumu yoyote. Makala haya yanazihoji dhana zote mbili kwa kutazama mahali pamoja.

Kanyakine ni kituo cha soko na shule katika Imenti Kusini, upande wa mashariki wa Mlima Kenya, kati ya Nkubu na Igoji, kwenye njia iendayo Chogoria, Chuka na hatimaye Embu. Juu yake kuna mashamba ya majani chai na kisha msitu wa mlima. Penyewe ni katika ukanda wa kahawa. Chini, mteremko huelekea nchi kavu ya Tharaka, yenye mtama, mawele na mbuzi. Tofauti za neema na ukame zimepangwa juu ya mteremko mmoja, na yeyote anayeshuka kwa miguu huziona kwa macho yake. Mahali pa namna hii hapakuhitaji kufundishwa na vitabu kwamba watu hawalingani. Palichohitaji ni namna ya kuliamua jambo hilo.

Kitenzi cha Kiswahili kudai kinaufaa mjadala huu kuliko istilahi nyingi za kitaaluma. Kina maana mbili zilizoshikana: kutaka kitu kwa kukiona kuwa ni haki yako, na kuwa na deni lako kwa mtu mwingine. Anayeomba husubiri huruma. Anayedai husubiri malipo. Methali isemayo maskini na mwanawe, tajiri na mali yake imekwisha kuifunga njia hiyo, kwani kila mmoja anaambiwa abaki na kilicho chake. Hoja ya makala haya ni kwamba katika Imenti swali la kwanza la kimaadili lilihusu nani awezaye kumdai mwenye mali, na kiasi cha mali chenyewe kilikuja baadaye. Kwa hiyo historia ya karne moja iliyopita huko yafaa isomwe kama historia ya kupungua kwa wadai.

Nguo Ntune na wenye majumba ya Pate

Simulizi kuu ya asili ya Wameru huanzia baharini, mahali paitwapo Mbwaa. Watu walikaa huko hadi walipokuja Nguo Ntune, yaani wenye nguo nyekundu, wakawafanya watumwa. Wazee walipotaka kuachiliwa, waliwekewa masharti. Matoleo yanahitilafiana katika idadi na mpangilio wa masharti hayo, lakini baadhi yake hurudi karibu kila mahali. Walitakiwa walete kiatu cha ngozi chenye manyoya pande zote mbili. Wakakata ngozi inayoning'inia shingoni mwa fahali. Walitakiwa walitoe tunda lililotumbukizwa katika shimo refu bila kulichoma. Wakamimina maji mpaka likaelea. Mwishowe walitakiwa walete mkuki unaofika mawinguni. Hilo halikuwa na ufumbuzi. Wakaondoka, wakiongozwa na Koomenjoe, wakavuka maji. Waliovuka usiku wakawa weusi, waliovuka alfajiri wakawa wekundu, waliovuka jua limechomoza wakawa weupe, na mgawanyo huo wa koo umedumu katika kumbukumbu. Yafaa kutambuliwa kwamba hata walipojigawa, kigezo kilikuwa saa ya kuvuka. Hakuna anayesimuliwa kuwa alivuka na ng'ombe wengi zaidi ya mwenziwe.

Wanahistoria wamelumbana sana kuhusu Mbwaa. Jeffrey Fadiman alielekeza kidole kwenye kisiwa cha Manda, jirani ya Lamu; A. M. M'Imanyara, katika kitabu chake cha 1992, aliitilia shaka asili hiyo ya pwani. Wapo pia wanaosikia mwangwi wa Kitabu cha Kutoka, wakikumbusha kwamba Wamethodisti walifika Kaaga mwaka 1912 na kwamba misheni ya Chogoria ilianzishwa mwaka 1922, kabla matoleo mengi hayajaandikwa. Mjadala huo ni wa haki, lakini kwa mhakiki wa fasihi si wa kwanza. Simulizi inayosimuliwa kwa vizazi hubeba hukumu ya wanaoisimulia, iwe bahari hiyo ilivukwa au haikuvukwa.

Na hukumu yenyewe ni ya ajabu kidogo. Nguo Ntune hawashutumiwi kwa kuwa na vitu. Ghala zao, mapambo yao na majumba yao si shughuli ya msimulizi. Kinachosimuliwa ni amri zao. Hapa dai limepinduliwa: mwenye nguvu ndiye anayedai, na madai yake hayana kikomo kwa sababu kila linalotimizwa huzaa jingine. Wazee wa Mbwaa walikuwa tayari kulipa. Walilipa kiatu, wakalipa tunda. Walikataa pale tu ilipodhihirika kwamba hesabu hiyo haikuwekwa ili imalizike. Mkuki wa kufika mawinguni ni kipimo cha deni lisilolipika, na katika mantiki ya simulizi ndicho kinachohalalisha kuondoka. Dhambi ya mkwasi, kwa Wameru wanaosimulia, ni kudai pasipo kudaiwa.

Ulinganisho na Al-Inkishafi unaonyesha upekee wa msimamo huu. Kama Fadiman alikuwa sahihi kuhusu Manda, simulizi ya Mbwaa na utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir zimetoka katika visiwa vya jirani. Utenzi huo, uliotungwa mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, nao pia unauhukumu ukwasi, tena kwa ukali usio na mfano katika ushairi wa kale wa Kiswahili. Majumba ya Pate yaliyong'aa kwa taa na vyombo vya thamani yamekuwa makazi ya popo na ndege. Wenyewe wamo makaburini. Lakini hakimu katika utenzi ni mauti, na anayehutubiwa ni moyo wa mshairi mwenyewe. Maskini hayumo kama mdai. Watumishi wapo, wale waliowakanda na kuwapepea mabwana, ila wamo kama sehemu ya anasa inayoorodheshwa, pamoja na mito na vitanda. Hakuna anayewauliza waliyaonaje maanguko hayo. Katika simulizi ya Mbwaa wapepeaji hao ndio wasimulizi. Tofauti hii haipunguzi ukuu wa Al-Inkishafi, lakini inafaa ikumbukwe na wale wanaouchukulia utenzi huo kuwa ndio sauti ya mashariki mwa Afrika kuhusu mali.

Mali inayoliwa

Hatari ya kuisifu simulizi ya Mbwaa ni kudhani kwamba waliovuka waliunda jamii ya walio sawa. Hawakuiunda. Baraza la wazee la Njuri Ncheke, ambalo makao yake yanayojulikana yako Nchiru huko Tigania, halikuwa wazi kwa kila mtu. Aliyetaka kuingia alitoa wanyama na vyakula, na daraja za juu zilidai zaidi. Asiyekuwa na mifugo hakuwa na sauti hapo, na mwanamke hakuwa nayo hata kama angekuwa na mifugo. Wanaouita mfumo huo ujamaa wa asili wanapaswa kuanza kwa kueleza kizingiti hiki.

Hata hivyo kizingiti kilikuwa na tabia yake. Mifugo iliyotolewa ililiwa. Haikuwekwa. Njia ya kuigeuza mali iwe heshima ilipitia matumboni mwa watu wengine, na aliyekwisha kulisha wenzake alikuwa amekwisha kuwapa namna ya kumdai: walijua nyumba yake, walijua alichonacho, na wangerudi. Kadhalika mwenye mifugo mingi hakuifuga yote zizini kwake, bali aliigawa kwa wengine waitunze, wakapata maziwa na pengine ndama. Aliyeazimwa mahali pa kulima alikuwa na wajibu kwa mwenyeji wake, lakini alikuwa na pa kulima. Miongoni mwa Wambeere wa upande wa Embu, na Wagikuyu vilevile, ardhi iliyotolewa kwa mbuzi iliweza kukombolewa: aliyeitoa, au mwanawe, angerudi na mbuzi siku nyingine akaidai. Uhamisho haukuwa wa milele. Ukosefu wa usawa ulikuwepo, na wakati mwingine ulikuwa mkubwa, lakini haukufungwa mlango.

Haya yaliandikwa na kupangwa, miongoni mwa wengine, na H. E. Lambert, ambaye wanafunzi wa Kiswahili humkumbuka zaidi kwa tafiti zake za lahaja za Kivumba, Kijomvu na Kichifundi alizozichapisha katika miaka ya 1950. Kabla ya hapo alikuwa afisa wa utawala Meru katika miaka ya 1930, ambako aliitambua Njuri na kuitumia. Ni jambo la kutafakari kwamba mtu mmoja alizisikiliza lahaja za pwani na sheria za ardhi za mlimani kwa sikio lilelile la mkusanyaji. Utawala uliomtuma, hata hivyo, ulikuwa ukielekea kwingine.

Hati

Kahawa iliruhusiwa kwa Waafrika wa Meru, Embu na Kisii katikati ya miaka ya 1930, kwa majaribio na kwa idadi ya miti iliyodhibitiwa, baada ya walowezi kuipinga kwa muda mrefu. Mti wa kahawa hauliwi na wazee. Unakaa shambani miaka mingi, na aliyeupanda hataki kusikia kwamba ardhi iliyo chini yake yaweza kukombolewa kwa mbuzi. Hivyo mabadiliko ya kimaadili yalikuwa yameanza kabla ya sheria kubadilika.

Sheria ilifuata. Mpango wa Swynnerton wa 1954, uliotungwa wakati wa Hali ya Hatari, ulikusudia kuunganisha vipande vya ardhi na kuvisajili kwa majina ya watu binafsi. Ukweli wa waraka huo unashangaza hata leo. Haukuficha kwamba wenye uwezo na matajiri wangepata ardhi zaidi, na maskini wangebaki na kidogo au wasibaki na kitu, na kwamba kungetokea tabaka la wenye ardhi na tabaka la wasio nayo. Uliliona jambo hilo kuwa ni hatua ya kawaida katika maendeleo ya nchi. Wahakiki wanaotafuta katika riwaya tamko la wazi la itikadi ya matabaka wangelipata hapo, katika nathari ya wizara ya kilimo, bila sitiari.

Katika Meru kazi hiyo iliendelea hadi baada ya uhuru. Familia zilizokuwa na vipande katika kimo mbalimbali cha mteremko, kimoja juu kwa mazao ya baridi na kingine chini kwa mtama, mara nyingi ziliishia na shamba moja katika ukanda mmoja. Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963 ikampa aliyeandikwa umiliki usiofungwa na madai mengine isipokuwa yale machache ambayo sheria yenyewe iliyataja. Uzito wa maneno hayo ulidhihirika mahakamani. Katika kesi moja iliyotoka magharibi mwa Kenya, iliyoamuliwa mwaka 1973, Mahakama Kuu ilimkubalia baba aliyesajiliwa kuwa hafungwi na haki ambazo wanawe walizidai kwa mila. Yaani mwana alikuwa amekuwa mwombaji kwa babake. Ikiwa mwana hawezi kudai, jirani atadai nini?

Si kwamba hakuna aliyeonya. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965, ulioitwa wa Ujamaa wa Kiafrika, ulisifu mila ya kugawana na papo hapo ukaelekeza uwekezaji kwenye maeneo yenye rutuba na watu walio tayari kupokea maendeleo. Barack Obama, mwanauchumi ambaye mwanawe wa jina hilohilo angekuja kuwa rais wa Marekani, aliuchambua waraka huo mwaka uleule katika jarida la East Africa Journal. Hakuridhika na kwamba hati za mtu mmoja mmoja ndizo njia pekee, na aliona hatari ya nguvu za uchumi kukusanyika mikononi mwa wachache. Makala yake husomwa leo kwa sababu ya jina la mwanawe. Ingefaa yasomwe kwa sababu yenyewe.

Hapa tena riwaya ya Kiswahili ya Tanzania inasaidia kwa njia ya ulinganisho. Katika Dunia Uwanja wa Fujo (1975), Kezilahabi anampa Tumaini urithi, kisha shamba kubwa, kisha anamtumia Azimio la Arusha. Serikali inalitwaa shamba, Tumaini anaua, naye ananyongwa. Wasomaji wamebishana kama mwandishi anamwonea huruma Tumaini au la. Swali linalopuuzwa ni kwamba, katika ulimwengu wa riwaya hiyo, anayeweza kumdai Tumaini kwa nguvu ya haki ni dola peke yake. Majirani hupokea alichowatupia alipokuwa akitapanya, na baadaye humfanyia kazi. Kenya ilichagua njia iliyo kinyume na Azimio, lakini nchi zote mbili zilikutana mahali hapo: jirani aliondolewa katika orodha ya wadai.

Jina linaposomwa kwa sauti

Nafasi yake ilichukuliwa na harambee. Mkutano wa harambee ni utendaji wa kifasihi kwa maana kamili, wenye mgeni wa heshima, msema-chochote, bahasha, na orodha ya majina yanayosomwa kwa sauti, kila jina na kiasi chake. Shule, zahanati na makanisa mengi ya Kenya yalijengwa kwa njia hiyo, na si haki kuyadharau. Lakini mpangilio wa sauti umegeuka. Zamani aliyelishwa alijua alichonacho mwenyeji wake. Sasa tajiri husikiwa akitaja anachopenda kutoa, na hadhira hupiga makofi. Deni limekuwa hisani. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 ilijaribu kuwazuia maafisa wasitumie vyeo vyao kukusanya michango, jambo linaloonyesha kwamba hata dola ilikuwa imetambua harufu ya biashara katika utoaji huo.

Mfano wa J. M. Kariuki, aliyeuawa Machi 1975, unalitatiza jambo hili kwa manufaa. Kauli yake kuhusu Kenya ya mamilionea wachache na mamilioni ya ombaomba, ambayo hutajwa kwa namna mbalimbali, imekuwa sehemu ya fasihi simulizi ya taifa. Aliyeisema hakuwa maskini. Alikuwa na mashamba na farasi wa mashindano, na alitoa katika harambee kwa mkono mpana. Wahakiki wa mrengo wa kushoto wamelisumbukia jambo hilo kama unafiki au kama ukinzani wa kitabaka. Kwa kipimo cha Mbwaa hakuna ukinzani: watu walimwamini kwa kuwa waliona kwamba alikuwa tayari kudaiwa, na kwamba alikuwa ametaja deni hadharani.

Bei ya kahawa nayo ilifanya kazi yake. Baridi kali iliyounguza mibuni ya Brazil mwaka 1975 iliwaletea wakulima wa mlimani fedha nyingi katika miaka miwili iliyofuata. Kuvunjika kwa mgao wa kimataifa wa mauzo mwaka 1989 kuliwaondolea. Wakati wa neema mwenye ekari nyingi alijenga na mwenye kipande alisomesha mtoto mmoja. Wakati wa dhiki wa kwanza alihamia kwenye maziwa, uchukuzi au siasa, na wa pili alibaki na mibuni ambayo, kwa muda mrefu, sheria haikumruhusu hata kuing'oa kwa hiari yake.

Ushahidi wa mdomo

Kithaka wa Mberia, mzaliwa wa Tharaka, alitoa tamthilia ya Natala mwaka 1997. Mhusika mkuu ni mwanamke anayesadikiwa kufiwa na mume, na shemeji anataka kumrithi yeye pamoja na shamba. Wengi wameisoma kama tamthilia ya ukombozi wa mwanamke, na ndivyo ilivyo. Lakini inafaa isomwe pia kama hoja dhidi ya makala haya. Dai la shemeji limevaa mavazi ya mila; ni dai la jamaa juu ya mali ya jamaa. Kinachomlinda Natala, pamoja na ujasiri wake, ni uwezekano wa kusema hapana kwa mdai. Yeyote anayelilia kurudi kwa haki ya kudai ajue kwamba wadai wa zamani hawakuwa wote wanyonge, na kwamba baadhi ya waliofungiwa mlango na hati walistahili kufungiwa.

Mnamo 2018 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua rufani iliyotoka Meru kuhusu ardhi ya familia iliyosajiliwa kwa jina la mtu mmoja. Ilikubali kwamba amana ya kimila ni haki inayomfunga aliyesajiliwa hata kama haikuandikwa katika rejista, na kwamba mdai halazimiki kuwa anaishi juu ya ardhi hiyo. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 ilikuwa imekwisha kuitaja amana ya namna hiyo. Kwa hatua hiyo baadhi ya yale yaliyofungwa na Swynnerton yalifunguliwa, na Meru ndiyo iliyopeleka ufunguo.

Kwa mtaalamu wa fasihi simulizi, jambo zito ni aina ya ushahidi unaotakiwa. Mdai anapaswa kuonyesha kwamba kabla ya usajili ardhi ilikuwa ya familia, ukoo au kundi. Kwamba yeye ni wa kundi hilo. Kwamba uhusiano wake nalo si wa mbali mno. Kwamba angeweza kuandikwa yeye kama si mambo fulani yaliyoingilia kati. Na kwamba anayemdai ni mmoja wa kundi lilelile. Mengi ya haya hayamo katika karatasi. Yamo katika vinywa vya wazee wanaokumbuka nani alikaa wapi, nani alizaliwa na nani, na mbuzi wa nani walichinjwa siku gani. Jack Glazier alikwisha kuonyesha mwaka 1985, kuhusu Wambeere, jinsi mashauri ya ardhi yalivyozifanya koo zirefushe na kufupisha nasaba zao mbele ya mabaraza. Msimulizi amerudi kizimbani, na anapimwa kwa kila neno.

Lakini masharti hayo matano yana ukuta. Yanamtambua mwana, mpwa, mtoto wa ndugu. Yule ambaye babu yake alipanda kutoka Tharaka wakati wa njaa akaazimwa mahali pa kulima katika ukanda wa kahawa, akakaa, akazika watu wake hapo, hana nasaba ya kuitaja katika shauri hilo. Mwenyeji aliyemwazima alikufa kabla ya rejista kufunguliwa. Simulizi anayo, tena yenye majina ya mito na miti ya mipaka, na wazee wa Kanyakine wanaweza kuithibitisha. Ila anayemdai si wa ukoo wake.